Tumbo kimya, viwiko vinawaka: dada wa Kigamboni na samaki wa Feri

Wanaovuka kwenda Kigamboni jioni wanaujua ule mbanano. Geti likifunguliwa watu wanatoka bandani kama wamefukuzwa: mwenye mkoba kaukumbatia, mwenye mtoto kambeba juu, mwenye mfuko wa samaki kaunyanyua kichwani usisagwe. Miaka michache iliyopita, kwenye watu hao kulikuwa na dada mmoja aliyezoea kusimama pembeni karibu na magari, shati la mikono mirefu limefungwa vifungo vyote hadi kwenye viganja, hata liwe lile joto la Februari la kukamua shati. Waliozoea kuvuka naye walidhani ni mambo ya dini, au sheria za ofisini kwake Posta. Kumbe bibie alikuwa anaficha viwiko.

Ilianza na moto. Kuwasha kulikuja baadaye. Unasikia kama mtu kakupaka pilipili kwenye ncha za viwiko halafu kaondoka zake, ukiitazama ngozi haina kitu. Kesho yake asubuhi ndo vinatokeza vijipele vya maji, vidogo, vimekaa makundi makundi, kiwiko cha kulia na cha kushoto kwa pamoja, kama karatasi iliyokunjwa wino ukiwa bado mbichi. Baadaye magoti. Baadaye makalio, na hapo kukaa kwenye kiti cha ofisi siku nzima ikawa adhabu. Usiku alijikuna usingizini mpaka anaamka shuka lina damu. Vikikauka vinaacha madoa meusi, na kabla madoa hayajafifia moto unarudi.

Tumbo lake, muda wote huo, lilikuwa kimya. Hakuharisha, hakujaa gesi, hakutapika. Huyu ni mtu wa chapati mbili na supu asubuhi, andazi saa nne, Ijumaa bia mbili na mashosti zake, na analala kama mtoto. Ndiyo maana hakuna hata mmoja aliyemuuliza anakula nini.

Walimuuliza mengine. Duka la dawa walisema upele, wakampa ile dawa nyeupe yenye harufu kali ya kujipaka mwili mzima. Alijipaka siku tatu, akachemsha mashuka, akamlazimisha na dada yake waliyepanga naye Tungi achemshe ya kwake. Hola. Wengine wakasema fangasi. Shangazi yake wa Tanga akasema kuna mtu kamtupia kitu, atafutwe mtaalamu. Na jirani mmoja, yule ambaye kila mtaa unaye, akamshika mkono, akatazama yale makundi ya malengelenge, akasema taratibu, "Huu si mkanda wa jeshi huu?"

Kwa mji huu, ukiambiwa mkanda wa jeshi umeshaambiwa na jingine. Alienda kupima virusi peke yake, akiwa kavaa barakoa asionekane. Hana. Akapima tena na mchumba wake, kwa sababu mahari ilishapangwa na mambo yalikuwa yanaenda. Hana. Miezi mitatu baadaye malengelenge yakamshika vibaya, na mchumba akamwambia, kwa sauti ya upole kabisa, "Tupime tena, roho itulie." Hana. Kati ya vipimo vyote vitatu, hicho cha mwisho ndicho kilichouma.

Aliyefumbua fumbo ni daktari wa ngozi, mzee, kwenye hospitali moja hapa mjini, baada ya bibie kuzunguka zaidi ya mwaka mzima. Hakuanza na ngozi. Alimuuliza: vinatoka pande zote mbili kwa wakati mmoja? Ndiyo. Na damu yako ikoje? Hapo dada akacheka, maana damu yake ilikuwa pungufu tangu yupo sekondari. Kameza vidonge vya kuongeza damu mpaka kachoka, vinaongeza wiki mbili, inashuka tena. Mzee akaandika kitu. Akamkata kinyama kidogo cha ngozi, tena hakukata kwenye lengelenge lenyewe, alikata pembeni yake palipokuwa pazima, akakipeleka mbali kupimwa. Akatoa na damu. Majibu yalipokuja, baada ya wiki kadhaa, yalikuwa na jina refu la kuvunja ulimi: demataitisi hapetifomisi. Maana yake kwa lugha ya Feri: ngozi inalipa deni la utumbo, na mkopaji ni ngano.

Ngano yenyewe haina ubaya, tuelewane. Kuna kitu ndani yake kinaitwa gluteni. Ukitaka kukiona, mtazame mama anayekanda chapati: ule unga unaovutika kama mpira, unaokubali kusukumwa, kukunjwa na kusukumwa tena bila kukatika, hiyo ndiyo gluteni inafanya kazi. Jaribu kusukuma chapati ya unga wa sembe uone. Iko kwenye ngano, kwenye rai na kwenye shayiri, na bia tunazokunywa zinatokana na shayiri. Mahindi, mchele, mtama, ulezi na muhogo hazina. Kuna watu ambao kinga ya mwili wao ikikutana na gluteni inakosea adui na kuanza kuuvamia utumbo wao wenyewe. Ugonjwa huo unaitwa siliaki. Utumbo ukichubuka, madini ya kutengeneza damu hayanyonywi vizuri, na hiyo ndiyo siri ya vidonge vyake vya shule kutofanya kazi. Wengi unawapiga tumboni. Ila wapo ambao tumbo halisemi neno, na kinachosema ni ngozi, au vidonda vya mdomoni visivyokwisha, au ganzi za vidole, au mtu anaanza kuyumba akitembea kama kalewa na hajanywa. Wengine wanahangaika kupata mtoto miaka, na hakuna anayefikiria mkate.

Tena gluteni haina njia moja. Wapo watu ambao ngano haiwafanyi kitu wakila na kukaa zao, ila wakila kisha wakakimbia, mwili mzima unavimba mabaka, pumzi inakata, mtu anaweza kuanguka na hata kufa. Hiyo ni mzio, habari tofauti na ya dada yetu, lakini fikiria mtu mwenye hali hiyo anakula chapati zake pale nje ya soko halafu anasikia honi ya pantoni.

Na msidhani wakubwa wa dunia waliligundua haraka. Malengelenge haya yalielezwa na daktari Louis Duhring kule Philadelphia, Marekani, mwaka 1884. Mambo ya ngano yakaja kwa njia nyingine kabisa: Willem Karel Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, alikuwa anaishuku ngano tangu miaka ya 1930, na njaa kali ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ulipoadimika nchini kwake, ikampa ushahidi zaidi, kwa sababu watoto wake wenye ugonjwa wa tumbo walipata nafuu wakati wengine wanadhoofika. Mkate uliporudi, wakarudi kuugua. Kuja kuunganisha malengelenge ya Duhring na utumbo uliochubuka ilikuwa 1966. Miaka 82! Dada wa Kigamboni mwaka mmoja na kitu tu, alikuwa na bahati.

Bahati yenyewe ndo ilikuwa na miiba. Ile hapetifomisi imepewa jina hilo kwa sababu vipele vinakaa makundi kama vya hapesi. Na hapesi yenyewe haina uhusiano wowote. Lakini mchumba aliiona karatasi, akaandika kwenye simu yake herufi chache za mwanzo, na simu ikamaliza yenyewe. Unajua simu zilivyo. Akakaa na hiyo siri wiki nzima bila kuuliza.

Dawa nayo haikusaidia. Alipewa dapsoni, baada ya kupimwa kwanza kama ana upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, maana watu wenye upungufu huo, na pwani yetu wapo wa kutosha, dapsoni inaweza kuwapasua chembe za damu. Akaonekana salama. Akameza, na ndani ya siku mbili ule moto ukazimika kama umemwagiwa maji. Alilia. Ilikuwa mara ya kwanza kulala usiku mzima bila soksi mikononi. Ila dapsoni ni dawa ya zamani yenye kazi nyingi, na kazi yake maarufu ni kutibu ukoma. Siku ya kikao cha familia, shangazi wa mchumba akaona vidonge kwenye mkoba wakati anatafuta sindano na uzi. Akasoma jina, akampigia mtu wake wa duka la dawa. Kufika Jumapili, ukoo wa upande wa pili ulishajua: huyu binti ana hapesi na ukoma, na anavaa mikono mirefu kuvificha. Hivyo vyote viwili kwa mtu mmoja, ambaye kosa lake ni kupenda maandazi.

Alijieleza. Alichukua na barua ya daktari. Mchumba akasoma, akasema ameelewa, na labda aliamini kweli kwamba ameelewa. Lakini alianza kunawa mikono kila akitoka kumshika. Hakusema kitu, alikuwa ananawa tu. Mahari ikaahirishwa mpaka baada ya Mfungo, halafu mpaka mwakani, halafu watu wakaacha kuitaja.

Wakati huo huo alikuwa anapambana na ngano kinoma. Chapati, mkate, maandazi, sambusa, tambi, bia, vyote nje. Ngano ya kuonekana ni rahisi, inayosumbua ni ya kujificha. Aligundua urojo, aliokuwa anaupata kwa Mpemba mmoja Kariakoo, unapewa ule uzito na unga wa ngano. Aligundua bagia za dengu za mtaani kwao zinachanganywa ngano kidogo zishikane. Uji wa lishe aliokuwa anajisifia kwa afya, aliposoma pakiti, ngano ilikuwemo. Soya sosi ya kwenye nyama, nayo inatengenezwa kwa ngano. Akahamia unga wa muhogo na mtama, anaununua Kariakoo, na ugali wake mweusi ukawa utani ofisini. "Bibie siku hizi anakula kizungu," walisema, wakati alichokuwa anakula ndicho kile bibi zao walichokua nacho.

Na kila jioni, samaki. Samaki ndiye alikuwa pumziko lake. Akitoka kazini anapita sokoni Feri, upande wa makarai, kwenye moshi wa kuni na mafuta yanayochemka, kwa mama mmoja ambaye amekuwa mteja wake tangu alipoanza kazi mjini. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, leo nimekuwekea changu. Anakabidhiwa kimefungwa kwenye karatasi, anakimbilia geti. Samaki na chumvi na ndimu, ngano itoke wapi? Mama mwenyewe alishaambiwa habari za ngano na alikuwa wa kwanza kumwonea huruma. Hakuwahi tena kumkaribisha chapati.

Lakini ngozi ilikataa. Utaratibu wa tiba hii ni kwamba dapsoni inazima moto wakati mlo unafanya kazi ya polepole, kisha dawa inapunguzwa. Kila daktari alipopunguza kidonge, wiki haiishi, viwiko vinawaka. "Kuna ngano inaingia mahali," mzee akamwambia. "Itafute." Akanunua daftari akawa anaandika kila kinachopita mdomoni. Tatizo ni kwamba malengelenge hayatoki pale pale ulipokula. Yanaweza kukaa siku kadhaa. Kwa hiyo daftari linakwambia Jumatano umewaka, wewe unaanza kumshuku wa Jumapili. Alimshuku mama wa urojo aliyekwisha mwacha. Akamshuku dada yake anakoroga ugali kwa mwiko uliotoka kwenye kitu. Kuna siku alimshuku mama mkwe mtarajiwa kuwa anamtilia makusudi, na aibu ya wazo hilo bado anayo.

Daktari naye akawa na shaka nyingine. Iodini ikizidi inaweza kuchochea malengelenge haya, na vyakula vya baharini vina iodini. Akamshauri apunguze samaki kwanza waone. Sasa mtu anayevuka Feri kila siku, unamwambia apunguze samaki? Alipunguza siku nne.

Jioni iliyofumbua kila kitu, pantoni moja ilikuwa kwenye matengenezo na foleni ilikuwa haina mwisho. Akaamua kurudi sokoni asubiri kwenye benchi la mama. Mama hakuwepo, kaenda msibani, karai linasimamiwa na binti yake wa kama miaka kumi na sita. Kwa kawaida dada hufika samaki wake ameshaiva na kufungwa. Siku hiyo alifika mapema mno.

"Subiri kidogo dada," yule binti akasema. "Wako bado sijamchovya."

"Kumchovya kwenye nini?"

Binti akainua bakuli la plastiki lililokuwa chini ya meza. Unga mweupe, laini, wa ngano. "Mama kasema wa kwako lazima apite kwenye unga, tena ashibe. Wa wengine tunakaanga hivi hivi."

"Kwa nini wa kwangu?"

"Si unavuka? Asivunjike kwenye pantoni."

Alikumbuka. Kulikuwa na siku, zamani kidogo, alimlalamikia mama kwa utani kwamba samaki wake kafika Kigamboni chengachenga, kabanwa na watu, kala miba tu. Mama alicheka, hakusema kitu. Kuanzia siku iliyofuata samaki akawa anafika mzima, ngozi kavu, rangi ya dhahabu, na yeye akadhani mama kabadilisha mafuta. Kwenye soko lote, yeye peke yake ndiye aliyekuwa anawekewa unga. Kwa mapenzi.

Siku hiyo hakununua. Alipanda pantoni mikono mitupu, na katikati ya maji akatoa simu akataka kumwandikia yule mchumba, ambaye walikuwa hawajaongea miezi mitano. Akaandika, akafuta. Mwishowe alituma picha ya lile bakuli, aliyokuwa ameipiga bila kujua kwa nini. Jamaa akajibu usiku: "Ni nini hii?" Hajamjibu mpaka leo.

Kesho yake alimkuta mama.

"Mama, si nilikwambia mimi ngano siruhusiwi?"

"Ulinambia. Kwani nishakupa chapati tena?"

"Na unga ule wa samaki?"

Mama akashangaa kweli kweli. "Ule? Ule si chakula, mwanangu. Ule wa kushikia."

Kabla hajaelewa, dada akafungua vifungo vya shati pale pale mbele ya karai na watu, akapandisha mikono. Ilikuwa mara ya kwanza viwiko vile kuonekana hadharani kwa muda mrefu. Mama akatazama. Akavishika, huyu hakunawa, vidole vina mafuta, akavigeuza kwenye mwanga. Akauliza, "Mimi ndo nimekufanya hivi?"

Kulikuwa na jibu la kweli na jibu la adabu. Dada akasema ni ngano, mama, wewe hukujua. Mama hakuridhika nalo. Wiki mbili nzima alikataa kumuuzia. Anamwona anakuja, anamwelekeza kwa mwenzake wa karai la pili, "Nenda kwa huyo, mi nitakuua bure." Na kwa huyo wa pili mafuta yalikuwa yamepitisha sambusa tangu asubuhi, kwa hiyo dada alikuwa anazunguka anarudi nyumbani kula maharage. Ilibidi amwombe yule binti wa miaka kumi na sita awapatanishe.

Siku hizi samaki wake ndiye anayetangulia. Mafuta mapya, kikaango kidogo cha peke yake, saa sita mchana kabla ya wateja wengine, kisha anafunikwa kwenye sufuria yenye mfuniko mpaka jioni. Wapo wateja wanaonuna wakisikia samaki huyo hauzwi. Ngozi haikupona kwa haraka, ilichukua miezi mingi, na daktari amepunguza dapsoni hadi nusu kidonge bila moto kurudi. Damu imepanda yenyewe. Mikono mirefu bado anavaa, ila sasa anaikunja.

Na kila asubuhi, akipita kutoka pantoni kwenda Posta, mama anampigia kelele kutoka kwenye moshi.

"Jana kafika mzima?"

"Kavunjikavunjika, mama."

"Afadhali!"